Wi-Fi Katika Ofisi za Serikali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka mapokezi, kwenye korido na kwenye simu zinazopigwa kitengo cha TEHAMA kuanzia saa mbili asubuhi. Yanahusu ofisi za umma za Tanzania: wizara, halmashauri, hospitali za rufaa, mahakama na taasisi nyingine. Aliyekuja kufuata huduma aanze na sehemu ya kwanza, mtumishi aende ya pili. Wenzangu wa TEHAMA, yenu yanaanzia swali la 13.

## Kwa aliyekuja kufuata huduma

1. Nikifika ofisi ya Serikali, lazima nipewe Wi-Fi?

Hapana. Wi-Fi ya wageni ni kama maji ya kunywa pale mapokezi: yakiwepo unakunywa, yasipokuwepo hujanyimwa huduma. Ila kama fomu unayotakiwa kujaza iko mtandaoni tu na bando limekata, sema. Ofisi nyingi zina kompyuta ya wananchi au mtumishi anayesaidia kujaza, na ni bora uombe hilo kuliko kuomba nywila ya watumishi (sababu ziko swali la 7).

2. Kwa nini naombwa namba ya simu kabla ya kuunganishwa?

Ili ofisi ijue nani alikuwa kwenye mtandao wake saa ngapi. Mtu akitumia Wi-Fi ya taasisi kumtapeli mwingine, wapelelezi watafika kwenye taasisi kwanza, na jibu la "hatujui, walikuwa wageni" halimsaidii mtu.

Lakini kuomba kuna mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi lengo hilo, na mwenye taarifa aambiwe zinakwenda kufanya nini. Namba ya simu inaeleweka. Namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na jina la mama kwa ajili ya nusu saa ya intaneti ni kupita kiasi, na una haki ya kuuliza za nini.

3. Simu inasema imeunganishwa, lakini ukurasa wa kuingia haufunguki.

Mara nyingi ni moja kati ya haya. Simu imewashiwa DNS binafsi (njia yake yenyewe ya kutafuta anwani za tovuti) au VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali). Izime kwanza, utaiwasha ukishaingia. Au tarehe na saa ya simu si sahihi, hivyo kivinjari kinakataa kurasa zote. Au umefungua tovuti yenye ulinzi ambayo kwa makusudi hairuhusu kuelekezwa kwingine. Zima Wi-Fi, iwashe tena, na usubiri taarifa ya "ingia kwenye mtandao" itokee juu ya kioo. Ikishindikana, sahau mtandao huo kwenye mipangilio na uanze upya.

4. Nikilipia kontroli namba nikiwa kwenye Wi-Fi ya wageni, pesa yangu iko salama?

Ukilipa kwa menyu ya simu, kama *150*00# na nyingine za aina hiyo, malipo hayapiti kabisa kwenye Wi-Fi. Yanapita kwenye mnara wa kampuni ya simu. Watu wengi hawalijui hili, utawaona wanazima Wi-Fi kwa hofu kabla ya kupiga menyu.

Ukitumia programu ya benki au tovuti, mawasiliano yanasafiri yamefungwa kuanzia kwenye simu hadi kwenye seva, kwa hiyo aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo haoni nywila yako. Hatari ipo kwenye kuingia tovuti ya bandia. Tovuti za Serikali huishia na .go.tz, soma anwani hadi mwisho wake, maana "go.tz" ikiwa katikati ya jina refu haina maana yoyote. Na ile alama ya kufuli isikupe usingizi: matapeli nao wanapata kufuli, bure kabisa. Kufuli linasema njia imefungwa, halisemi nani anakungoja upande wa pili.

5. Naona majina mawili yanayokaribiana. Nichague lipi?

Usichague lolote. Muulize mtu wa mapokezi jina kamili. Jina la mtandao ni maandishi tu, yeyote mwenye simu anaweza kuita hotspoti yake jina la wizara. Ukurasa wa kuingia ukikuomba nywila ya barua pepe, ya benki au namba ya siri ya pesa za simu, toka hapohapo na uwaambie walinzi.

## Kwa mtumishi

6. Intaneti ni ileile, mbona mitandao ni miwili?

Mkondo wa kutoka nje unaweza kuwa mmoja, lakini ndani ya jengo njia zinatengana. Kwenye mtandao wa watumishi ndiko ziliko printa, seva za mafaili na kompyuta za wahasibu. Wa wageni umekatwa: unafika intaneti tu, na uliopangwa vizuri hauruhusu hata simu ya mgeni mmoja kuiona simu ya mgeni mwingine. Fikiria masijala. Mwananchi anaruhusiwa kuingia jengoni na kukaa kwenye benchi, lakini hapiti nyuma ya kaunta kujichukulia jalada.

7. Mgeni wa bosi amekuja na anataka Wi-Fi sasa hivi. Kwa nini nisimpe nywila yetu?

Kwa sababu humpi mgeni huyo peke yake. Simu yake itaihifadhi, siku hizi simu hata hutengeneza msimbo wa QR wa kumrushia mwenzake, na jioni nywila iko kwenye kundi la WhatsApp la watu usiowajua. Kuna pia jambo la kiufundi: kwenye mtandao wa WPA2 (aina ya ulinzi wa Wi-Fi iliyozoeleka) wenye nywila moja ya wote, mwenye nywila hiyo akinasa ule muda mfupi simu yako inapojiunga anaweza kusoma mawasiliano yako yasiyofungwa kwa njia nyingine. Nywila ya wote haiwatenganishi waliomo ndani.

Njia ya heshima ni vocha, yaani karatasi yenye namba ya kuingilia Wi-Fi ya wageni kwa muda maalumu. Katibu muhtasari awe na vocha za siku kadhaa zilizokwisha kuchapishwa, ampe mgeni moja pamoja na chai. Hakuna aliyewahi kukasirika kwa kupewa vocha. Wanaokasirika ni wale wanaoambiwa "subiri mtu wa TEHAMA aje", naye yuko kwenye gari anarudi kutoka wilayani.

8. Simu yangu ilisajiliwa jana, leo inakataliwa kama haijulikani.

Ofisi yenu inatambua vifaa kwa anwani ya MAC, namba ambayo kila kifaa hujitambulisha nayo kwenye mtandao, na simu yako imeibadilisha. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia anwani ya bandia kwa kila mtandao ili isifuatiliwe kila iendako. Ni ulinzi mzuri kwako ukiwa sokoni, ni usumbufu ofisini. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo mmoja tu na uzime anwani ya faragha. Kwa upande wa TEHAMA, hii ni ishara kwamba orodha ya MAC imepitwa na wakati; anwani hizo hazikuwahi kuwa siri hata zamani, kuziiga ni kazi ya dakika moja.

9. Wi-Fi ya ofisi haifiki chumbani kwetu. Naweza kuleta ruta yangu?

Hapana, ila nakuelewa. Nimefungua madari na kusogeza makabati katika ofisi kadhaa, na ruta nilizozikuta nyuma yake hazikuwekwa na wapelelezi. Ziliwekwa na watu waliotaka kumaliza kazi.

Tatizo ni kwamba ruta hiyo ukiichomeka kwenye tundu la ukutani unafungua mlango wa nyuma wa jengo zima. Nywila yake ni ile iliyobandikwa chini na kiwanda, na kitufe cha WPS, cha kuunganisha vifaa bila kuandika nywila, kimewashwa. Udhaifu wa PIN ya WPS ulitangazwa mwaka 2011: tarakimu nane zinazokaguliwa kwa vipande viwili, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata. Baya zaidi, ruta za namna hii hugawa anwani zake zenyewe, na siku ikichomekwa vibaya ghorofa nzima inakosa mtandao na hakuna anayejua kwa nini.

Hata jeshi halijanusurika. Mwaka 2023, ndani ya meli ya kivita ya Marekani USS Manchester, kikundi cha wasimamizi wa mabaharia (chief petty officers) kilifunga kwa siri antena ya Starlink, ya intaneti ya satelaiti, na kuupa mtandao wao jina la STINKY. Mabaharia walipoanza kuuliza, jina likabadilishwa lifanane na la printa. Ilichukua miezi kugundulika. Kilichowasukuma ni kilekile kinachomsukuma mhasibu wa chumba namba 14: intaneti ya halali ilikuwa haipatikani wanapoitaka.

Kwa hiyo andika maombi, taja chumba, taja saa ambazo mtandao hukatika, na umpe nakala mkuu wa idara. Kitengo kinachopata barua tano kuhusu korido moja kina hoja ya kuomba fedha.

10. Basi naweza kutumia bando langu kwenye kompyuta ya ofisi?

Ukiwa safarini, kwa idhini, ndiyo. Ni salama kuliko Wi-Fi ya hoteli, mradi hotspoti yako ina nywila ndefu. Ukiwa ofisini, usiiunganishe kompyuta kwa waya wa ofisi na hotspoti yako kwa wakati mmoja. Mashine yenye miguu miwili, mmoja ndani mmoja nje, ni daraja. Swali la 15 lina kisa kinachoonyesha daraja hilo linavyovukwa.

11. Je, kitengo cha TEHAMA kinaona ninachofungua?

Kinaona tovuti ulizotembelea, saa, na ukubwa wa data uliyotumia. Hakioni ujumbe wako wa WhatsApp wala ulichoandika kwenye tovuti zenye ulinzi, isipokuwa kompyuta ni ya ofisi na imewekewa programu ya kusimamia. Simu yako binafsi ikiunganishwa kwenye mtandao wa watumishi, orodha hiyo inakuhusu nawe. Mambo ya nyumbani yapeleke kwenye bando lako, huo ni ushauri wa bure.

12. Nitumie VPN?

Kuingia mifumo ya ofisi ukiwa nje, tumia ile uliyopewa na taasisi. Zile za bure za kwenye simu ziache: unaihamisha imani yako kutoka kwa ofisi unayoijua kwenda kwa kampuni usiyoijua. Kumbuka pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitangaza kuwa watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa za matumizi hayo.

## Kwa kitengo cha TEHAMA

13. WPA2 inatosha, au tununue vifaa vya WPA3?

Historia fupi. WEP, ulinzi wa kwanza wa Wi-Fi, ilivunjwa mwaka 2001, na ukiikuta bado inatumika popote, izime leo. WPA2 ilikuja 2004 na kudumu. Oktoba 2017 Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alionyesha shambulio la KRACK dhidi ya namna inavyokubaliana funguo, na marekebisho ya programu yakatolewa. WPA3 ilitangazwa 2018. Faida yake kubwa kwa nywila za pamoja ni kwamba anayenasa mawasiliano hawezi kwenda nyumbani kukisia nywila kwa nafasi yake.

Lakini kabla ya kuandika zabuni ya vifaa vipya, jiulize kama mmeacha nywila ya wote. WPA2 inayomtambua kila mtumishi kwa akaunti yake kupitia utaratibu wa 802.1X na seva ya RADIUS inayokagua akaunti hizo ni bora kuliko WPA3 yenye nywila moja iliyobandikwa ukutani. Na kama mna uwezo, tumieni cheti cha kidijitali kwenye kila kompyuta badala ya nywila: cheti hakisahauliki wala hakikopeshwi.

Viwango na miongozo ya taasisi za umma hutolewa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), iliyokuwa Wakala hadi Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ilipoigeuza kuwa Mamlaka. Wasilianeni nao kabla ya kununua.

14. Tukificha jina la mtandao, tutakuwa salama zaidi?

La. Kifaa chochote kinachojiunga hulitaja jina hilo hewani. Mnachopata ni watumishi wanaopiga simu kuuliza "mtandao umepotea".

15. Tunaweza kuyazuia mawimbi yasivuke uzio?

Kuyapunguza, ndiyo: shusheni nguvu ya visambazaji vya Wi-Fi vilivyo karibu na kuta za nje, tumieni zaidi 5 GHz ambayo hupenya kuta kidogo kuliko 2.4 GHz, na elekezeni antena ndani. Kuyazuia kabisa, hapana. Mlinzi wa getini anakagua vitambulisho, mawimbi yanapita juu ya kichwa chake. Panga ulinzi ukijua kwamba mtu aliyekaa kwenye gari upande wa pili wa barabara anakusikia.

Hilo la gari si mfano wa kutunga. Aprili 2018, mjini The Hague, maafisa wanne wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi walikutwa na gari la kukodi kwenye maegesho ya hoteli iliyo jirani na makao ya shirika la kupiga marufuku silaha za kemikali, OPCW. Kwenye buti kulikuwa na vifaa vya kunasa Wi-Fi na antena iliyofunikwa kwa koti, ikielekea jengo lile. Uholanzi iliwafukuza, na mwezi Oktoba ikaonyesha picha za kila kitu hadharani.

Baadaye ikaonekana hata gari halihitajiki. Novemba 2024 kampuni ya usalama ya Volexity ilieleza shambulio la mwaka 2022 jijini Washington: wadukuzi waliokuwa mbali kabisa waliingia kwanza kwenye mtandao wa jengo la jirani, wakapata kompyuta iliyounganishwa kwa waya lakini yenye Wi-Fi pia, wakaitumia Wi-Fi hiyo kuvuka barabara na kujiunga na mtandao wa walengwa wao. Mifumo ya walengwa ya kwenye intaneti ilidai uthibitisho wa hatua mbili. Wi-Fi yao ilidai jina na nywila tu, na nywila zilikuwa zimeshapatikana. Ndiyo maana nasisitiza vyeti kwenye swali la 13.

16. Jengo letu ni la zamani na mawimbi hayapenyi. Tuongeze nguvu?

Msiongeze nguvu, ongezeni visambazaji. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa za majengo ya pwani, na zile za maboma ya Wajerumani ambazo baadhi bado ni ofisi, hula mawimbi. Kisambazaji kikipiga kelele, simu ya mtumishi bado ina sauti ndogo ya kumjibu, hivyo mnapata alama zote za mtandao na hakuna kinachofunguka. Majengo mapya nayo yana vioo vyenye utando wa metali unaorudisha mawimbi. Tembeeni na kompyuta chumba kwa chumba kabla ya kutoboa ukuta, na kwa 2.4 GHz tumieni chaneli 1, 6 na 11 tu, ndizo zisizoingiliana.

Tena hakikisheni swichi inayolisha visambazaji iko kwenye UPS, betri inayoshika umeme unapokatika. Umeme ukikatika sekunde kumi, mtandao unaweza kuchukua dakika kadhaa kurudi, na lawama zitawafikia kabla yake.

17. Printa, kamera na runinga ya ukumbi wa mikutano ziwekwe wapi?

Kwenye njia yao ya peke yake, mbali na watumishi na mbali na wageni. Badilisheni nywila za kiwandani. Zimeni Wi-Fi Direct ya printa. Printa nyingi hutangaza mtandao wake zenyewe bila mtu kuziomba, na hiyo nayo ni ruta ya magendo.

18. Tumekuta ruta tusiyoijua. Tuing'oe?

Ichomoeni waya wa mtandao, lakini msiifute. Pigeni picha, andikeni tundu, chumba na saa, kisha mtafuteni mwenyewe kwa upole. Ikiwa ni ya mtumishi, soma tena swali la 9 na upime mawimbi ya chumba chake siku hiyohiyo. Ikiwa haina mwenyewe, nendeni swali la 21.

## Yasiyotokea kila siku

19. Mtumishi amehama, mkandarasi amemaliza mkataba. Tufanye nini?

Kama kila mtu ana akaunti yake, funga akaunti moja na umemaliza. Kama ni nywila ya wote, ibadilisheni, na ndiyo, kila mtu atalalamika. Akaunti za wakandarasi ziwekwe tarehe ya kuisha tangu siku ya kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haikuishia kwenye kuingia bila idhini. Kuendelea kutumia mfumo baada ya muda ulioruhusiwa kuisha nako ni kosa. Itakuwa vigumu kumlaumu mtu kwa kosa hilo ikiwa mlango hamkuufunga.

20. Tunataka kuvuruga hotspoti zote wakati wa kikao nyeti. Inaruhusiwa?

Msijaribu wenyewe. Masafa yanasimamiwa na TCRA, na kifaa cha kuvuruga hakichagui cha kuvuruga. Hoteli moja ya Marriott huko Nashville ilizima hotspoti za wateja wake, na mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola 600,000 kwa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Kwa kikao nyeti, kabati lenye vitundu vya kuhifadhia simu nje ya mlango linatosha, na halihitaji kibali.

21. Nahisi tumedukuliwa kupitia Wi-Fi. Nianze wapi?

Tenga kifaa husika kwenye mtandao, usikizime wala kukisafisha, maana ushahidi mwingine upo kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Mtumishi aripoti kwa kitengo chake cha TEHAMA, kwa simu na si kwa barua pepe ambayo huenda inasomwa. Kitengo kihifadhi kumbukumbu za visambazaji na za seva ya RADIUS, kisha kiwasiliane na eGA; TZ-CERT iliyo chini ya TCRA nayo hupokea taarifa za matukio ya kimtandao. Kama taarifa za wananchi zimevuja, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inahusika.

22. Tumehamia Mtumba, jengo la zamani tumeliacha. Kuna la kufanya kuhusu Wi-Fi?

Lipo, na wengi hulisahau katikati ya makabati na malori. Rudisheni visambazaji vyote kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuviacha, kuvihamisha au kuviorodhesha kwa ajili ya kuuzwa, kwa sababu ndani yake mna nywila na anwani za seva zenu. Ondoeni mipangilio yao kwenye mfumo wa usimamizi.

Halafu kuna simu. Simu za watumishi bado zinalikumbuka jina la mtandao wa zamani na zitajiunga nalo zenyewe popote zitakapolisikia likiwa na nywila ileile, hata kama limewashwa na mpangaji mpya, au na mtu aliyekaa kwenye daladala. Huko mnakohamia anzeni na jina jipya na nywila mpya, na siku ya kwanza watumishi wanapokuja kuunganishwa, kabla ya kuwapa mtandao mpya waambieni wafungue orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, na waufute wa zamani mbele yenu.